SRA siyo mlango wa kila lalamiko
Kuna mwandishi kashauri eti mteja aliyehudumiwa vibaya na solisita (wakili wa Uingereza) apeleke malalamiko SRA, alipwe fidia. Hapo kachanganya milango miwili. SRA (Solicitors Regulation Authority), mamlaka inayosimamia masolisita wa England na Wales, inahangaika na maadili: wakili aliyekula pesa za mteja, aliyeidanganya mahakama. Uzembe wa kawaida, yaani kuchelewesha kazi au bili isiyoeleweka, unapelekwa kwa Legal Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya wateja dhidi ya mawakili, na mteja halipi chochote. Ila kwanza uilalamikie ofisi ya wakili wako na uipe wiki 8 ijibu. Mimi niliponunua nyumba, wakili wangu simu hapokei, halafu bili ikaja juu kuliko makadirio aliyonipa. Nikaiandikia ofisi yake nusu ukurasa, nikaorodhesha tarehe za kila barua pepe isiyojibiwa. Wiki hizo hazijaisha, bili ikapunguzwa! Na kabla hujatoa hata peni moja, tafuta jina la solisita wako kwenye rejesta ya SRA, iko wazi mtandaoni. Waswahili wengi huku tunakabidhi kesi za uhamiaji kwa "wakili" tuliyeelekezwa harusini. Kuna aliyefika hadi kwa Ombudsman? Ilichukua muda gani?