Yule mama wa Mbuyuni alisema hapana

Juzi sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, mtoto wa miaka kama mitatu alijitupa chini kando ya mafungu ya nyanya, akalia mpaka sauti ikamkauka. Muuza ndizi mmoja akapaza sauti: "Mchape huyo! Samaki mkunje angali mbichi." Wengi tuliokuwepo tukaitikia kwa vichwa. Mama mtu hakumchapa. Alichuchumaa, akamshika mikono, akamwambia taratibu, "Umechoka mwanangu, najua. Lakini nyanya haturushi." Kisha akamngoja.

Wanaotetea fimbo hawana roho mbaya. Wanamwogopa mtoto asiyejua kukatazwa, na mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tena mama mwenye genge na wateja watatu mbele yake atachuchumaa saa ngapi?

Ila yule mama alikataza. Hakumnunulia alichokililia wala hakumwachia nyanya. Upole wake ulikuwa kwenye namna ya kukataza tu, na hapo ndipo watu humwona amedekeza.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikufuta adhabu zote, lakini kifungu cha 13 kinasema adhabu haina uhalali ikiwa mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa kusudi lake. Maneno hayo yamenikaa kichwani. Mtoto wa miaka mitatu akichapwa anaelewa nini? Anajua ameumia. Kama ni kwa sababu ya nyanya, au ya kulia, au kwa sababu mama hampendi tena, hawezi kupambanua. Njaa, usingizi na jua la saa saba kwake vyote vinatokea mlango mmoja, maana maneno ya kuvitenganisha bado hana. Hata ubongo wake, ile sehemu ya kuzuia hasira, utaendelea kukomaa mpaka apite miaka 20. Anayemtaka ajizuie leo anamdai asichonacho. Anayemtajia anachokisikia, "umechoka", anampa neno la kutumia kesho badala ya kujitupa.

Na methali yenyewe inasema samaki akunjwe. Anayemkunja samaki mbichi hutumia viganja.

Mtoto alinyamaza baadaye, akabebwa mgongoni, akasinzia. Mfuko wa mama yake ulikuwa chini muda wote ule, vitunguu vimemwagika, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kumwokotea.