Kimo, upana, umbali: vyote viingie chini ya urefu?

Anayejenga hifadhidata ya maarifa, mfano wa Wikidata iliyoanza mwaka 2012, hukutana mapema na swali hili: kimo, upana, kina, umbali na kipenyo viwe aina za urefu, au kila kimoja kijitegemee?

Wanaotaka vikusanywe wana hoja nzito. Vyote hupimwa kwa mita, na msamiati wa kimataifa wa metrolojia, yaani sayansi ya vipimo, huhesabu kipenyo, mzingo na urefu wa wimbi kuwa vya jinsi moja. Tena kanuni ya kubadili futi kuwa mita huandikwa mara moja tu, vyote vikairithi.

Wapinzani wao wanaweza kukuonyesha Mauna Kea, Hawaii. Mlima huo una mita 4,207 juu ya usawa wa bahari, ila ukianzia kitakoni, kwenye sakafu ya bahari, unapita mita 9,000. Namba zote mbili ni sahihi. Zikitupwa pamoja chini ya "urefu", anayeuliza mlima mrefu kuliko yote atapewa Everest au Mauna Kea, ikitegemea ni namba ipi iliyoingizwa. Kimo hudai mahali pa kuanzia, na umbali hudai ncha mbili.

Mimi bado naegemea wanaokusanya. Kasoro ya Mauna Kea haitokani na ukoo, yaani kuweka kimo chini ya urefu, inatokana na kuandika namba bila kusema imepimwa kutoka wapi. Aina ndogo inaweza kurithi ya mzazi na kuongeza masharti yake.

Nisichokubali ni kutumia kizio, kama vile mita, kuwa cheti cha ukoo. Momenti ya kani (nguvu ya kuzungusha, kama ya spana kwenye nati) na nishati zote huangukia newton mara mita, lakini hakuna fundi atakayeziita kitu kimoja. Mvua nayo ni mtego: milimita 20 ni sawa na lita 20 kwa kila mita ya mraba. Ni kina cha maji, au ujazo uliogawanywa kwa eneo? Ningeiacha nje ya urefu, ingawa anayeiita kina hajakosea sana.

Kosa baya zaidi huwa dogo machoni. Kimo ni aina ya urefu. Kimo cha Everest, mita 8,848.86, ni mfano mmoja wa kimo. Wengi huandika kimo kuwa aina na mfano wa urefu kwa pamoja, na mfumo haulalamiki. Siku mtu akiomba orodha ya mifano ya urefu, anapewa dhana na vipimo vya milima kwenye safu moja.