Kavanaugh na malibertariani: nani alimsoma vizuri?

Julai 2018 Trump alivyomtaja jaji Brett Kavanaugh arithi kiti cha jaji Anthony Kennedy Mahakama ya Juu ya Marekani, wengi walikuwa wanabishana ishu ya utoaji mimba, mimi nikawa nawafuatilia malibertariani, wale wanaotaka serikali ndogo isiyotia mkono mfukoni mwako wala pua chumbani kwako, maana waligawanyika kweli kweli.

Waliomkubali walikuwa na hoja nzito. Toka 1984 kulikuwa na kanuni ya Chevron, kwamba sheria ikiwa haieleweki basi jaji afuate tafsiri ya ofisi ya serikali ilimradi ina mantiki, yaani unagombana na mtu halafu yeye ndo anakusomea sheria! Kavanaugh hakuipenda toka zamani na 2024 alikuwa kati ya majaji 6 walioizika.

Shida ilikuwa simu. Edward Snowden, mvujishaji wa siri za serikali, alianika 2013 kwamba NSA, shirika la ujasusi la Marekani, wanazoa rekodi za simu za watu, namba uliyopiga, saa ngapi, mmeongea dakika ngapi, kesi ikafika mahakama ya rufaa Washington, alikokuwa jaji wakati huo, na Novemba 2015 Kavanaugh akaandika kurasa mbili tu kwamba katiba inaruhusu, usalama wa taifa una uzito zaidi. Ndo maana Justin Amash, mlibertariani aliyekuwa mbunge wa Michigan wakati huo, siku ile ile ya uteuzi akasema huyu hamfikii Gorsuch, jaji aliyeteuliwa na Trump kabla yake, hata kidogo. Seneta Rand Paul naye alikuwa na wasiwasi, wiki 3 baadae akamuunga mkono, na kura za Seneti za kumthibitisha zikaisha 50 kwa 48.

Tumtendee haki lakini. Kesi ya Jones, mtuhumiwa mmoja, polisi walibandika kidude cha GPS chini ya Jeep wakaifuatilia siku 28, na 2010 Kavanaugh aliandika kwamba kule kuigusa gari tu kunaweza kuwa kuvunja katiba, 2012 Mahakama ya Juu ikapita humo humo.

Bado mimi niko na Amash. Ofisi ikitunga kanuni mbaya unaisoma na unaishtaki, rekodi za simu utashtaki vipi wakati hujui kama zimechukuliwa? Na Septemba 2025, kesi ya maafisa wa uhamiaji kusimamisha watu Los Angeles, vituo vya basi na wanapooshea magari, Kavanaugh aliandika kwamba asili ya mtu peke yake haitoshi kumsimamisha ila inaweza kuhesabiwa pamoja na mengine.