Lasik, PRK au SMILE: umbali nao uhesabiwe

Ukiwasikiliza vijana wa Kisumu wanaotaka kuachana na miwani, jina ni moja tu: Lasik. Upasuaji wowote wa leza sasa unaitwa hivyo. Kumbe njia zinazotumika zaidi ni tatu, na lengo lao ni lile lile, kubadilisha mkunjo wa konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho yenye unene wa nusu milimita hivi.

PRK ndiyo kongwe. Marekani iliiidhinisha mwaka 1995. Daktari huondoa utando wa juu wa konea, kisha leza ikachonga. Utando huota upya kwa siku nne au tano, chini ya lenzi laini inayokinga kidonda. Siku hizo si mchezo: jicho linachoma kama limemwagiwa mchanga, machozi hayakatiki, pazia likifunguliwa unageukia ukutani. Kuona sawasawa huchukua wiki kadhaa.

Lasik inakwepa adha hiyo. Konea hukatwa kifuniko chembamba, kikafunuliwa, leza ikachonga chini yake, kikarudishwa. Kesho yake wengi wanasoma kibao cha matatu bila shida.

Matangazo huishia hapo. Kifuniko hakishiki tena kwa nguvu ya awali, na pigo la jicho linaweza kukisogeza hata baada ya miaka. Kwa hiyo mwendesha boda wa Kondele au mcheza raga wa Nakuru ningemwelekeza PRK, avumilie maumivu ya wiki moja. Karani anayetakiwa ofisini Jumatatu, Lasik inamfaa.

SMILE, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, haina kifuniko. Kipande chembamba hutolewa kupitia tundu la milimita chache, na macho hayakauki sana kama baada ya Lasik. Ila imelenga zaidi wasioona mbali, na ikihitajika marekebisho baadaye, mara nyingi hurudiwa PRK ile ile.

Yupo pia asiyefaa yoyote kati ya hizi tatu: mwenye konea inayochongoka. Wanaofikicha macho kwa mzio wana hatari kubwa zaidi ya tatizo hilo, na vumbi la Nakuru kiangazi mnalijua. Kliniki ikikupa bei kabla ya kupima umbo la konea yako, ondoka.

Sasa umbali. Baada ya PRK mtu hutumia matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa wiki, pengine miezi, na matone hayo yanaweza kupandisha presha ya jicho. Presha hiyo kwa kawaida haiumi. Inaharibu kimya kimya, na wenye ndugu waliopofuka kwa glakoma, ugonjwa wa neva ya jicho unaohusiana na presha hiyo, wanapaswa kuiogopa zaidi. Aliyefanyiwa Nairobi, Kisumu ikiwa zaidi ya kilomita 300, atashawishika kuruka kliniki akiona macho yanaendelea vizuri. Apange mapema kupimwa karibu na nyumbani, na mpimaji aelezwe ni matone gani anayotumia.

Hapo hoja yangu ya PRK inalegea, maana Lasik kwa kawaida haihitaji matone hayo kwa muda mrefu hivyo. Mtu wa Busia asiye na pa kupimwa presha, hata kama ni wa boda, ningemkubalia Lasik, mradi avae helmeti yenye kioo na kioo kishushwe kila safari.