Kanisa la vikao

"Nyinyi Wapresbiteri mnaabudu kumbukumbu za kikao." Binamu yangu alinitupia hilo Desemba iliyopita, tukiwa nyumbani tunangoja nyama iive. Kisa ni spika. Kwaya yetu iliomba spika mpya. Ombi likaenda kamati ya muziki, likapanda hadi baraza la wazee, likarudishwa kwa sababu lilikuwa na bei ya duka moja badala ya maduka matatu. Kanisani kwake, mchungaji alitaja hitaji kama hilo Jumapili, na kufikia Jumatano spika zilikuwa zimefungwa.

Kuhusu mwendo sina ubishi. Tunajikokota. Lakini lawama yake, ambayo nimeisikia kwa wengi, huchukulia kwamba vikao ni urasimu uliotung'ang'ania kama kupe: ukiung'oa, imani yenyewe inabaki na afya zaidi. Hapo tunaachana. Presbiteri ni neno la Kigiriki lenye maana ya mzee. Sisi ni kanisa la wazee tangu kwenye jina, na sababu ya kuwa hivyo iko ndani ya imani yetu.

Mengi tunayoyaamini hayamshangazi jirani: Mungu mmoja katika nafsi tatu, wokovu kwa neema, Biblia kuwa juu ya mapokeo yote, sakramenti mbili tu. Tunabatiza watoto wachanga, jambo ambalo ndugu zetu Wapentekoste hawalimezi, kwa hoja kwamba Mungu humshika mtoto kabla mtoto hajajua kumshika Yeye. Ila kuna fundisho moja la John Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16 ambaye mapokeo yetu yanatoka kwake, linalobeba uzito wa vikao vyote, nalo siku hizi halihubiriwi sana kwa kuwa halichangamshi mtu. Linasema dhambi imepenya kila sehemu ya mwanadamu. Haikuruka akili, wala nia njema, wala wito. Kwa hiyo mchungaji mwenye kipawa, anayefunga na kuomba, naye ni wa kuangaliwa. Geneva mwaka 1541, Calvin alipoandika kanuni za kanisa, hakumwachia mchungaji kila kitu. Alitaja huduma nne: wachungaji, walimu, wazee na mashemasi.

Ukitaka kuliona fundisho hilo kwa macho, subiri ibada iishe uchungulie ofisi ya kanisa. Meza ya plastiki, sadaka imemwagwa juu yake. Mzee mmoja anapanga noti kwa rangi, shemasi anahesabu sarafu kwa mafungu ya kumi kumi, na mama wa Guild, yaani chama cha wanawake wa kanisa, kitambaa cha buluu kichwani, anaandika kwenye daftari. Wanahesabu mara mbili. Wakitofautiana kwa shilingi ishirini wanaanza upya, hata kama saa nane imepita na matumbo yananguruma. Kisha wote watatu wanatia sahihi. Mchungaji wakati huo yuko mlangoni anasalimia watu, na ndivyo inavyotakiwa.

Kwa utaratibu wa Kipresbiteri, mchungaji ni wa presbiteri, na hapa neno hilo ni baraza la wachungaji na wazee wa makanisa ya eneo zima. Presbiteri ndiyo inayomsimamia na kumrudi akikosea. Akihamishwa anabeba vitabu na fanicha zake. Jengo, hati ya kiwanja na akaunti ya benki vinabaki.

Na huko juu mambo ni yaleyale. Katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, PCEA, John Gatu alikalia kiti cha Modereta, yaani kiongozi wa kanisa zima, mwaka 1979, akatoka 1985. George Wanjau akakaa hadi 1991, Bernard Muindi hadi 1997, Jesse Kamau hadi 2003, David Githii hadi 2009, David Gathanju hadi 2015, Julius Mwamba hadi 2021. Hesabu mwenyewe: sita, sita, sita, mpaka mwisho. Kipindi ni miaka mitatu, kinarudiwa mara moja, basi. Sasa weka orodha hiyo kando ya ile ya Ikulu. Moi aliingia 1978, akatoka 2002. Katika miaka hiyo 24 aliwaona Modereta watatu wakija na kwenda, na wa nne alikuwa karibu kufunga virago. Hakuna aliyebadilisha katiba ili abaki. Githii hakuwa hata mtu wa kupita kimya; aliwasha moto kwa kutaka ziondolewe alama alizodai ni za Kimasoni, za kile chama cha siri cha Freemason, katika makanisa ya zamani, watu wakagawanyika vibaya. Mwaka 2009 ulipofika, alimpisha mwenzake. Nikitafuta muujiza katika dini yangu, mara nyingi naishia kwenye orodha hii kavu.

Gatu huyohuyo, akiwa Katibu Mkuu mwaka 1971, alisimama Milwaukee, Marekani, akawaomba Wakristo wa ng'ambo wasimamishe kwa muda kutuma wamisionari na pesa, ili makanisa ya huku yasimame kwa miguu yao. Wapo waliokasirika. Lakini ilikuwa hoja ileile ya meza ya plastiki: anayeshika mfuko peke yake huishia kuwa mwenye kanisa, awe mchungaji wa hapa au bodi ya misheni ya kule.

Binamu alikuwa na jibu. "Roho hasubiri ajenda." Nikamkumbusha Matendo 15. Kanisa la kwanza lilipotaka kugawanyika juu ya kutahiri watu wa mataifa, hakuna aliyeota ndoto akaja kutangaza. Mitume na wazee walikutana, wakabishana, Petro akasema yake, Yakobo yake, wakaandika barua. Na ndani ya barua hiyo ya kikao wakathubutu kusema kwamba uamuzi umempendeza Roho Mtakatifu na wao. Sijui kumbukumbu za mkutano zilizowahi kupata sahihi kubwa kuliko hiyo.

Hayo ya Roho na kasi sikuona taabu kuyajibu. Yenye uzito ni mengine, na binamu wala hakuyataja.

La kwanza ni kwamba baraza linaloweza kumzuia mchungaji mwizi linaweza pia kumnyamazisha nabii. Timothy Njoya, mchungaji wa PCEA, alikuwa akihubiri dhidi ya utawala wa chama kimoja wakati wengi walikuwa wakipiga makofi. Katika miaka ya 1980 alikosana na viongozi wa kanisa lake mpaka akavuliwa uchungaji kwa muda, kisha akarudishwa. Mahubiri yake ya Mwaka Mpya wa 1990, ambamo aliuliza mabadiliko ya Ulaya Mashariki yataikosaje Afrika, yalitoka kwa mtu aliyekwisha kuonja yale ambayo vikao vinaweza kumfanyia mtu. Ni kweli mfumo uleule ulimrudisha. Lakini uliitii hofu kwanza.

La pili ni nidhamu. Nimekaa benchi moja na binti wa miaka ishirini hivi, siku ya Meza ya Bwana. Mkate ulipopita aliupokea kwa mkono wa kushoto, akampa wa pili yake. Sinia ya vikombe vidogo ilipofika akafanya vilevile, polepole, asije akamwaga. Alikuwa amezaa kabla ya ndoa, amesimamishwa kushiriki Meza mpaka baraza limrudishe. Mvulana hakuwa amesimamishwa popote. Alikuwa mshirika wa kanisa lisilo na baraza. Kabla ya hapo binti aliitwa mbele ya wazee, wengi wao wanaume wa rika la baba yake, wakamuuliza maswali. Sikuwemo chumbani, na sikuhitaji kuwemo.

Mtetezi atasema wanawake nao huwekewa mikono kuwa wazee, na kwamba Nyambura Njoroge aliwekwa wakfu kuwa mchungaji tangu 1982. Kweli. Ila rudi kwenye orodha yangu ya Modereta, ile niliyoiringia. Watu saba, miaka 42, na hakuna mwanamke hata mmoja. Kupishana kitini tumejifunza. Tunapishana sisi kwa sisi.

Bado nikilazimishwa kuchagua nitachagua baraza, kwa sababu uamuzi wake una mahali pa kukatiwa rufaa. Yule binti, au mama yake, anaweza kuandika barua kwa presbiteri, na presbiteri inabanwa na kanuni kuijibu. Kwa binamu yangu sijui barua kama hiyo ingeelekezwa wapi. Nilimuuliza tu kiwanja cha kanisa lao kimeandikishwa kwa jina la nani. Akageuza nyama kwanza, upande mmoja, upande wa pili. "Mchungaji na mkewe," akasema. "Lakini ni watu wazuri." Naamini ni watu wazuri.

Spika zetu zilinunuliwa mwezi wa nne. Ya kushoto inakoroma kidogo, na suala hilo limeingizwa kwenye ajenda.