Kidoti hakidai kitu: tunaogopa jua na kusahau wayo

Binti mmoja wa mtaani kwetu Mikindani alikuwa na kidoti kwenye taya, cheusi, kimeinuka kidogo kama punje ya mtama. Hakuzaliwa nacho, kilichomoza akiwa shule ya msingi. Msimu wa korosho uliopita aliona video kwenye simu ikidai kila kidoti ni mbegu ya saratani iliyopandwa na jua. Akachovya njiti ya kiberiti kwenye mafuta ya ganda la korosho, akakigusa. Kulipokucha taya lilikuwa limevimba na ngozi imebanduka. Leo pale pana kovu kubwa kuliko kitufe cha shati.

Shangazi yangu, ambaye amebangua korosho tangu ujana wake na anayajua mafuta yale kwa vidole vyake mwenyewe, alimtazama kwa huruma. "Kidoti hakidai kitu, mwanangu. Ungekiacha."

Kauli za aina hii siku hizi zinahesabiwa kuwa ni ujinga wa wazee. Mimi naona zimeonewa. Rangi ya ngozi yetu hutengenezwa na seli zilizojipanga mojamoja kwenye sakafu ya tabaka la juu. Seli moja ikipata hitilafu ndogo, mara nyingi kwenye jeni iitwayo BRAF, huanza kujigawa na kurundikana. Kisha husimama. Hitilafu ileile iliyoisukuma seli ndiyo inayoamsha breki zake, na rundo lililobaki ndilo tunaloliita kidoti. Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa nacho. Vingi hujitokeza utotoni na ujanani, na baadhi hufifia uzeeni. Kwa hiyo anayekitazama kidoti cha miaka mingi anatazama mahali ambapo mwili ulijizuia wenyewe. Na vile vipele vyeusi vidogo vinavyojaa mashavuni mwa mama zetu wengi wala si vidoti. Ni ngozi ya juu tu iliyoota, jambo linalofuata ukoo, na havigeuki saratani.

Wanaotahadharisha kwenye simu nao wana hoja. Kwa watu weupe, jua la utotoni huongeza vidoti, na mwenye vidoti vingi sana yumo hatarini zaidi. Saratani ya seli za rangi, melanoma, ikichelewa kugunduliwa huua. Na kwa ndugu zetu wenye ualbino, onyo la jua ni la kufa na kupona: kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua ni haki yao. Lakini hata kwao, saratani inayowasumbua zaidi kwa kawaida huanza na gamba au kidonda kisichopona, usoni, shingoni au masikioni.

Kuna hesabu moja ambayo hainitoki kichwani. Takriban melanoma 7 kati ya 10 huanzia kwenye ngozi iliyokuwa safi, isiyo na kidoti chochote. Maana yake, hata tungevifuta vidoti vyote kuanzia Newala hadi Kilwa, sehemu kubwa ya ugonjwa ingebaki palepale, na sisi tungebaki na makovu. Video ile haikumwambia binti yule jambo hili. Ilimfundisha kuogopa taya lake, na alipotafuta dawa, iliyokuwa karibu ni asidi ya ganda la korosho, ile ambayo wabanguaji hujipaka majivu ili isiwale vidole.

Na kwetu sisi weusi melanoma ina makao yake: chini ya wayo, kiganjani, chini ya ukucha. Huko jua si mkosaji mkuu. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikadhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Sasa mfikirie mtu anayeokota korosho Tandahimba akiwa peku. Doa jeusi likitokea kisiginoni atasema alikanyaga mwiba, au damu imevilia. Ataendelea kuokota hadi msimu uishe.

Hapa ndipo neno la shangazi linapopungukiwa, na nilimwambia. "Kiache" ni shauri jema kwa kidoti ambacho hakijabadilika tangu ukikumbuke. Doa jipya la wayoni linalotanuka, lenye ukingo usio sawa au rangi mbilimbili, linalotoa damu, au mstari mmoja wa ukucha unaozidi kupanuka na kumwagia weusi kwenye ngozi ya pembeni, hilo lipelekwe hospitali wiki hiyohiyo, kabla ya wembe na kabla ya dawa yoyote ya kupaka.

Hakubisha. Alikaa mkekani, akanipa mguu, nikauosha vumbi na masizi kwa maji ya uvuguvugu. Kisiginoni palikuwa na nyufa tu. Kwenye ukucha wa kidole gumba cha mkono niliona mstari wa kahawia, mwembamba kama uzi, na mingine ya aina hiyo kwenye kucha mbili za jirani, kama waliyo nayo watu wazima weusi wengi.

"Hiyo ilikuwepo kabla hujazaliwa," akasema, akanipa mguu wa pili.