Lawama za bilioni 8 tunambebesha nani?

Tarehe 15 Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba tumefika watu bilioni 8. Maneno yaliyofuata yalinikera, na bado yananikera: wengi walimnyooshea kidole mama maskini mwenye watoto sita, kana kwamba yeye ndiye anayeiunguza dunia.

Ni kweli tumeongezeka kwa kasi. Mwaka 1927 tulikuwa kama bilioni 2, kwa hiyo aliyezaliwa mwaka ule akajaliwa kufika miaka 95 ameshuhudia idadi yetu ikikua mara nne. Lakini hatukufika hapa kwa kuzaa zaidi ya mabibi zetu. Tulifika kwa sababu watoto waliacha kufa ovyo: chanjo, maji safi, sabuni. Mimi hilo nalifurahia kwa moyo wote.

Na kasi yenyewe imepungua. Miaka ya 1960 tuliongezeka kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Sasa haifiki hata 1.

Tukija kwenye mazingira, asilimia 10 ya watu wenye kipato kikubwa zaidi ndio wanaotoa karibu nusu ya hewa ukaa. Bahari ya Aral, lililokuwa ziwa kubwa la Asia ya Kati, nayo haikukauka kwa kunywewa na watu wengi. Mito yake ilichepushwa kwenda kumwagilia pamba. Sisemi wingi hauumizi. Shamba likigawanywa kwa watoto wanane, kisha kwa wajukuu, kinachobaki ni kipande cha kusimama tu, na msitu wa jirani ndio unaolipa.

Ila dawa si kulazimisha watu. India ilijaribu kati ya 1975 na 1977, wanaume wakafungwa uzazi kwa shinikizo la serikali, na hasira ya wananchi ikaonekana kwenye kura. Iran ilipeleka uzazi wa mpango bure hadi zahanati za vijijini huku wasichana wakisoma, na wastani wa watoto kwa kila mwanamke ukashuka kutoka zaidi ya 6 hadi karibu 2 kwa miaka ishirini hivi.

Namfahamu mama aliyekuwa akificha kadi yake ya kliniki chini ya godoro, mumewe asijue kwamba anachoma sindano ya miezi mitatu. Siku moja akaambiwa sindano zimekwisha, arudi mwezi ujao. Aliporudi alikuwa tayari na mimba ya mtoto wa tano. Aliniambia wanne walikuwa wamemtosha.